Rejeta ya oili ya Stewart-Warner yenye safu 13 katika RV-7A: tathmini baada ya misimu miwili ya joto Texas

Ndege ninayoizungumzia hapa ni RV-7A, ndege ndogo ya viti viwili vilivyo bega kwa bega, ambayo niliinunua ikiwa vipande vya aluminiamu kutoka Van's Aircraft ya Aurora, jimbo la Oregon, na kuiunga kwa mikono yangu kwa miaka sita katika banda lililoko kaskazini mwa Texas. Injini yake ni Lycoming O-360 ya nguvu za farasi 180, yenye silinda nne zinazopozwa kwa hewa. Bidhaa ninayoitathmini ni rejeta ya oili ya Stewart-Warner, aina ya 10599R, yenye safu 13 za njia za oili, niliyoifunga badala ya rejeta ndogo ya safu 7 ya chapa nyingine, baada ya joto la oili kunikosesha raha msimu mzima. Habari za kina kuhusu ndege za kujijengea ni adimu katika lugha yetu, na naamini mjenzi aliyeko Nairobi au Arusha anastahili kuzisoma kwa Kiswahili, ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu. Hukumu yangu naitanguliza: rejeta hii ni nzuri na ningeinunua tena, lakini atakayeinunua kabla ya kuichunguza njia ya hewa katika ndege yake atakuwa ametoa fedha nyingi bila kupata nafuu yoyote, kama ilivyonitokea mimi kwa wiki tatu za mwanzo.

Kwanza tuelewane kuhusu joto lenyewe. Lycoming imeiwekea injini hii kikomo cha oili cha digrii 118 za Selsiasi, na inapendelea oili ikae karibu na digrii 82 wakati ndege inasafiri katika usawa mmoja. Oili inayokaribia kikomo huwa nyepesi kupita kiasi, shinikizo lake hushuka, na utando unaotenganisha krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na beringi zake hupungua unene wakati ambapo mzigo wa injini ni mkubwa zaidi. Upande wa pili, oili inayobaki chini ya digrii 75 safari baada ya safari nayo ina madhara, kwa sababu maji yanayotokana na kuungua kwa petroli hayapati joto la kuyageuza mvuke yakatoka nje. Hubaki ndani, huchanganyika na mabaki ya uchomaji, hufanya asidi, na kutu huanza kuila kemshafti, mhimili unaofungua vali, ambao katika injini hizi imekaa juu kabisa, mahali ambapo oili huchuruzika na kuiacha kavu ndege inapoegeshwa kwa muda mrefu. Ni vyema pia kukumbuka kwamba kihisio cha joto katika Lycoming huipima oili ikiwa imekwisha kutoka kwenye rejeta na inarudi kazini, kwa hiyo oili iliyoko chini ya pistoni ina joto kubwa kuliko lile linaloonekana kwenye dashibodi. Wenzetu wanaotumia Rotax 912 ULS wasizichukue tarakimu hizi, kwa kuwa injini hiyo hupenda oili ya digrii 90 hadi 110 na kikomo chake ni 130.

Tatizo langu lilijitokeza mwezi wa Juni, saa za alasiri, hewa ya uwanjani ikiwa na joto la digrii 38. Niliruka na rafiki yangu ambaye ni rubani mwenzangu, tukapanda kwa mwendo wa kilomita 165 kwa saa, na tulipofika futi 4,000 oili ilikuwa digrii 113 na bado ilikuwa ikipanda. Nilisawazisha ndege, nikapunguza nguvu, nikaacha mwendo uongezeke, na baada ya dakika kama nne oili ilishuka hadi 104. Hatukuwa katika hatari ya papo hapo, lakini nilitua nikiwa na hakika kwamba ndege isiyoweza kupanda hadi futi 8,000 bila kusitasita si ndege ya kumpakia mke wangu na kuvuka naye milima ya New Mexico. Injini ilikuwa imekwisha kupita kipindi chake cha kuzoea, ambapo ringi mpya za pistoni husugua na kutoa joto la ziada, kwa hiyo sikuweza tena kujiambia kwamba tatizo lingejiondokea lenyewe.

Kabla ya kununua chochote nilikagua vitu viwili ambavyo havigharimu fedha. Nilikitoa kihisio cha joto, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka pamoja na kipimajoto ninachokiamini, na dashibodi ikasoma 102 badala ya 100. Makosa ya digrii mbili si chanzo cha tatizo, lakini ni vizuri kuyajua. Atakayefanya jaribio hili Nairobi asisahau kwamba huko maji huchemka kwenye takriban digrii 94 kwa sababu ya mwinuko, asije akatupa kihisio kizima. Kisha nikaifungua themostati ya oili iliyoko nyuma ya injini. Kazi yake ni rahisi kuieleza: oili ikiwa baridi, themostati huacha njia ya mkato wazi ili oili isipite kwenye rejeta, oili inapofika karibu na digrii 85, kichwa chake hurefuka, huketi juu ya kiti chake na kuifunga njia hiyo, na oili yote hulazimika kupita kwenye rejeta. Kama kiti kimelika au kichwa hakiketi sawasawa, sehemu ya oili moto huendelea kupita mkato, na hapo hata rejeta ya ndege ya abiria haitasaidia. Yangu ilirefuka vizuri ndani ya maji ya moto, na alama ya duara kwenye kiti chake ilikuwa kamili pande zote. Yaliyobaki yalikuwa hewa na rejeta.

Jambo la hewa nataka nilikalie, kwa kuwa hapa ndipo wajenzi wengi hupoteza kile wanachokitafuta madukani. Katika ndege ya aina hii hewa huingia kwa matundu mawili yaliyo nyuma ya propela, ikajaa juu ya silinda chini ya boneti, na mabati ya aluminiamu yanayozunguka injini huifungia huko juu ili isiwe na njia nyingine isipokuwa kupita kati ya mapezi (vibati vyembamba vya kutoa joto) ya silinda na kati ya mapezi ya rejeta, kisha kutokea chini. Kinachoisukuma hewa ni tofauti ya shinikizo kati ya juu na chini, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa mwendo wa kilomita 275 kwa saa karibu na usawa wa bahari, shinikizo lote linaloletwa na mwendo wa ndege ni sawa na kina cha maji cha sentimita 36 tu. Kwa mwendo wa kupanda wa kilomita 165 ni sentimita 13. Yaani wakati injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote, nguvu ya kuipoza ni kama theluthi moja ya ile inayopatikana safarini, na kila upenyo ulio kwenye mabati huipunguza zaidi.

Nilisubiri usiku, nikaweka taa kali chini ya injini, nikafunga boneti ya juu, nikazima taa za banda na kuchungulia kupitia matundu ya mbele. Kila mahali nilipoona mwanga palikuwa mahali ambapo hewa hutoroka. Makosa yote yalikuwa yangu: ukanda wa mpira wa silikoni unaoziba kati ya mabati na boneti ulikuwa umejikunja kuelekea nyuma kwa urefu wa kiganja upande wa kushoto, palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole kati ya bati na mwili wa injini nyuma ya silinda ya tatu, na kona mbili za mbele sikuwa nimezijaza kabisa. Niliukata upya ukanda ule, nikaupindisha uelekee mbele ili shinikizo la hewa lenyewe liukandamize kwenye boneti, na nikaziba matundu mengine kwa silikoni nyekundu inayostahimili joto. Siku iliyofuata, katika hewa ya joto lile lile, kilele cha joto la oili wakati wa kupanda kilikuwa 106, na safarini 97. Digrii saba kwa kazi ya jioni mbili na tyubu moja ya silikoni.

Digrii 106 si mbaya kwa maana ya kikomo, lakini nilitaka akiba, na rejeta yangu ya safu 7 ilikuwa imefungwa kwenye bati la nyuma ya silinda ya nne, mahali ambapo ilikuwa ikinyang'anyana hewa na silinda hiyo, huku mtetemo ukiwa umeanza kulipasua bati kwenye kona ya chini. Ndipo nilipoagiza 10599R. Ni rejeta ya mabamba ya aluminiamu yaliyounganishwa na mapezi membamba yaliyopangika vizuri, na kuichunguza kwa karibu ni jambo la kumfurahisha mtu anayependa kazi ya chuma: maungio hayana matone, mapezi yamenyooka, na vinundu vinavyopokea viungio vya mipira ya oili ni vinene vya kutosha kumpa mtu imani. Hata hivyo ni aluminiamu, na nyuzi zake ni za mabomba, zinazozidi kukaza kadiri zinavyoingia, kwa hiyo ni lazima kukishika kinundu kwa spana ya pili wakati wa kukaza kiungio, na kutumia dawa ya kuziba inayopakwa badala ya utepe mweupe wa mafundi bomba, ambao vipande vyake vinaweza kuingia katika njia za oili na kuziba mahali pasipofikika.

Kwa ukubwa wake sikutaka kuining'iniza tena kwenye mabati. Niliifunga kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha rubani, vinundu vikiwa juu ili hewa isinaswe ndani na oili isimwagike yote injini inapozimwa, nikavuta mipira miwili ya oili yenye maganda ya kuzuia moto, na nikaiunganisha na bati la nyuma kwa bomba laini la hewa lenye kipenyo cha sentimita 10. Mbele ya rejeta niliweka kisanduku cha bati kilicho bapa, chenye kina cha sentimita nne hivi, na bomba likaingilia katikati yake. Kilionekana nadhifu. Nilipopanda angani, kilele kilikuwa 107.

Sitaficha kwamba jioni ile nilikata tamaa, na kama ningeandika tathmini hii wakati huo ningeisema vibaya bidhaa isiyo na kosa. Badala yake niliazima ushauri wa mzee mmoja wa uwanjani kwetu aliyejenga ndege tatu, ambaye aliniuliza swali moja tu: umepima tofauti ya shinikizo mbele na nyuma ya rejeta? Sikuwa nimepima. Tulifunga vijibomba viwili vyembamba vya shaba, kimoja mbele ya mapezi na kingine nyuma, tukavipitisha hadi ndani ya ndege na kuviunganisha na mrija wa plastiki uliopindwa kama herufi U kwenye ubao, ndani yake maji yenye rangi ya zambarau. Rafiki yangu aliushika ubao magotini na kusoma huku mimi nikirusha ndege. Safarini, kati ya sentimita 36 ambazo mwendo wetu ulituletea, rejeta ilikuwa ikipata 6. Katika kupanda ilikuwa ikipata mbili na nusu.

Sababu ilikuwa kisanduku changu nadhifu. Uso wa rejeta hii ni mpana zaidi ya mara mbili ya mdomo wa bomba la sentimita 10, na hewa inayotoka kwenye bomba jembamba na kukutana ghafla na nafasi pana haitawanyiki kwa utulivu, bali huligonga eneo la katikati, huzunguka ovyo pembeni na kupoteza shinikizo lake kwa kujivuruga yenyewe. Robo tatu ya mapezi niliyoyalipia yalikuwa hayafanyi kazi. Nilichonga kipande cha povu gumu katika umbo linalopanuka taratibu kutoka duara hadi mstatili, nikakifunika kwa tabaka za faibaglasi, nikaliyeyusha povu, na nikapata koo lenye urefu wa sentimita 14 lisilo na kona kali. Pia nililizungushia duara pana mdomo wa bomba pale linapochukua hewa kwenye bati la nyuma, ili hewa iingie bila kukatwa na ukingo. Sikubadilisha kitu kingine chochote, wala oili sikuimwaga. Kipimo cha maji kilipanda hadi sentimita 15 safarini na 6 wakati wa kupanda. Katika siku ya digrii 38 kilele cha oili kilikuwa 96, na safarini 88. Shinikizo la oili wakati wa kupanda, ambalo hapo awali lilikuwa likishuka hadi pauni 64 kwa inchi ya mraba, sasa halipungui 72.

Digrii 11 zilitokana na umbo la kisanduku, kwa rejeta ile ile. Ninapowasikia wajenzi wakilinganisha rejeta za chapa mbalimbali bila kusema zimefungwaje, natamani kila mmoja wao angekuwa na mrija wa maji ya rangi. Njia rahisi ya kulinganisha siku moja na nyingine ni kukumbuka kwamba joto la oili hupanda karibu digrii moja kwa kila digrii ya hewa ya nje. Ndege inayosoma 95 katika hewa ya digrii 25 itakaribia 108 katika hewa ya digrii 38, na mwenye nayo asijisifu kabla ya kiangazi.

Ubora wa rejeta hii ukishapata hewa ya kutosha una upande wake mwingine. Mwezi wa Januari, hewa ikiwa digrii 2, oili yangu haikupita 71 safarini, ingawa themostati ilikuwa nzima, kwa sababu njia ya mkato haizuii oili yote na rejeta ya safu 13 huondoa joto hata kwa oili kidogo inayoipitia. Niliweka kilango cha duara ndani ya bomba la hewa, kinachofungwa kwa waya kutoka kwenye dashibodi, na sasa wakati wa baridi naiweka oili kati ya 82 na 88 nipendavyo. Ushauri wangu ni kwamba yeyote anayenunua ukubwa huu kwa ajili ya mahali penye majira ya baridi atengeneze kilango hicho siku ile ile anapotengeneza koo la hewa. Kwa Mombasa au Dar es Salaam hakuna haja. Kwa nyanda za juu za Kenya nisingekiacha: asubuhi ya Nairobi ni baridi kwa injini ndogo, ilhali hewa ya mwinuko ule, kwa kuwa nyepesi, hubeba joto kidogo kuliko hewa nzito ya pwani, na rubani anayeondoka mchana kwa uzito kamili ataihitaji rejeta yote ikiwa wazi.

Kuhusu gharama, rejeta hii ni ya mamia ya dola, tena mengi, na ni nzito kuliko ile ya safu 7. Uzito huo uko mbele ya ndege, kwa hiyo niliipima ndege upya na kuandika hesabu mpya ya mizani katika daftari lake. Kwa injini ya nguvu za farasi 150 naona ukubwa huu umezidi mahitaji. Kwa 180 na kuendelea, katika nchi ya joto, nauona unafaa. Nilishawishiwa kununua iliyotumika kwa nusu ya bei, na nilikataa kwa sababu ambayo kila mnunuzi aijue: rejeta iliyotoka kwenye injini iliyokufa hubaki na chembe za chuma kati ya mapezi yake ya ndani, kuisafisha kwa uhakika ni vigumu mno, na chembe moja iliyolegea inaweza kuiharibu injini mpya yenye thamani ya makumi ya maelfu ya dola.

Mpaka sasa rejeta imefanya kazi kwa saa 140 bila kuvuja hata tone. Kila baada ya saa 25 nafungua boneti, nashika mipira ya oili kuona kama imesugua mahali, nachunguza kona nne za mabano yanayoishikilia rejeta kwa kioo na tochi, na naupitisha mkono kwenye ukanda wa silikoni kuhakikisha bado umeelekea mbele. Mwezi uliopita upande wa kushoto ulikuwa umeanza kujikunja tena, urefu wa vidole viwili hivi, na katika safari iliyotangulia oili ilikuwa imesoma digrii tatu zaidi ya kawaida yake.